MJADALA: Mtani akifilisika, tucheke tu au tushike na jembe?

Wakuu, nianze kwa kujitaja. Mimi ni Simba, tena wa kurithi, si wa kuhamia baada ya mwekezaji kuingia. Nayasema haya mapema asije mtu huko chini akaniambia nimetumwa na Yanga wa Jangwani.

Juzi kijiweni kwetu Mbagala ubishi ulikuwa huu: wenye hela wa hizi timu mbili siku moja wakiamka wakasema basi, wamechoka, timu moja ikabaki haina hata nauli ya kwenda kucheza Kaitaba kule Bukoba, shabiki wa upande wa pili afanye nini? Karibu wote walisema acheke mpaka mbavu zimuume. Mmoja akaleta ile ya mwenzako akinyolewa, akazomewa kabla hajafika kwenye maji. Mimi nilikaa kimya, maana nina jibu ambalo nikilitoa pale nanyimwa kahawa.

Mlioanza kufuatilia mpira majuzi mnaijua Yanga ya ubingwa mara nne mfululizo. Sisi wengine tunaikumbuka nyingine. Mei 2017 Yusuf Manji, Mungu amrehemu, aliyekuwa mwenyekiti tangu 2012, alijiuzulu. Hela nayo ikaaga. Timu iliyotoka kubeba ubingwa mara tatu mfululizo ikawa kila wiki gazetini kwa mishahara kuchelewa na wachezaji kugomea mazoezi. Haruna Niyonzima akahamia kwetu. Msimu wa 2017/18 wakamaliza wa tatu, nyuma hata ya Azam. Na huku kwetu Msimbazi ndiyo kwanza tajiri Mo Dewji anakuja na bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa. Mwaka ule ukiwa Simba ulikuwa unaingia hadi sokoni kifua mbele.

Ndipo likaja bakuli. Zikatangazwa namba za simu za kuchangia, kocha Mwinyi Zahera, yule Mkongomani, anahimiza michango mbele ya kamera, mashabiki wanachangishana buku buku ili timu isafiri. Tulicheka, jamani. Mtu wa Yanga akiagiza chai na chapati kijiweni anaambiwa arudishe chapati, hiyo ni posho ya Makambo, mshambuliaji wao. Ombaomba, ndilo lilikuwa jina lao. Mimi mwenyewe nilikuwa kinara.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa za simu, na ninacho hadi leo. Wateja wangu wa Yanga walikuwa wanakuja na hela ndogo ndogo kuliko nilivyozoea: 1,000, 1,500, 3,000. Siku moja akaja mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani mstaafu, kofia ya kijani iliyopauka hadi inakaribia kuwa nyeupe. Akanipa noti mbili za buku zilizokunjwa mara nne nne, simu ya tochi, na kikaratasi chenye namba ya kuchangia Yanga. Macho hayaoni vizuri, akaniomba nimtumie. Nikamwambia mzee, ukiweka 2,000 huwezi kutuma 2,000, kuna makato. Akasimama pale anawaza. Alitaka ifike 2,000 kamili, si pungufu.

Nikamwekea na ya kufidia makato, kiasi ambacho hakifiki hata bei ya andazi, nikatuma. Halafu ulimi ukanitoka: "Mzee, makato nimelipa mimi, kwa hiyo leo Simba imeichangia Yanga." Yule mzee hakucheka. Akajipapasa mfukoni, akatoa sarafu ya 100, akaigonga kwenye kaunta. "Hela ya Mikia isiingie kwenye klabu yangu." Mikia ndiyo sisi Simba, kwa dharau yao. Chenji hakuitaka.

Kwa miaka mingi sijajua kama alikuwa ananitania au nilimvunjia heshima. Ndiyo maana naleta mada.

Hoja yangu ni hii. Tunajiita watani wa jadi, lakini utani tunaoujua ni nusu. Wenye utani wao, Wazaramo na Wanyamwezi kwa mfano, mtani wako akifiwa unaenda pale msibani unafanya vituko, unamuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, unaingia kaburini unalala unasema hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe. Watu wanacheka huku wanalia. Lakini huyo huyo mtani ndiye anachota maji, anapasua kuni, anashika jembe. Ruhusa ya kucheka ameipata kwa sababu amekuja kufanya kazi. Anayekuja kucheka tu, akamaliza akaondoka, huyo hana utani, huyo ana chuki.

Mwaka 2019 sisi tulicheka. Jembe tulilishika wapi? Naomba michango yenu, matusi mniwekee akiba.

Mnyama 1936:
Mada ndefu, jibu fupi: wafe. Miaka mitano ya ukame wetu, 2012 hadi 2017, nani wa Yanga alinipa hata pole? Walituita wa mchangani. Uzi ufungwe.

Mwananchi wa Jangwani:
Mleta mada, nakuheshimu kwa kukiri, ila yule mzee ningekuwa mimi ningekurudishia 200.

Nikwambie kitu ambacho ninyi wa upande wa pili hamkukielewa. Lile bakuli mlidhani ni aibu yetu. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu kama mimi, dereva wa bodaboda, kuambiwa timu inakuhitaji. Enzi za tajiri mmoja sisi tulikuwa wa kushangilia tu. Ule msimu wa bakuli, 2018/19, tulimaliza na pointi 86. Ninyi na bilioni zenu mlipata 93. Tofauti ni pointi saba, gawanya mwenyewe ujue kila pointi ililipiwa shilingi ngapi.

Sasa katikati ya hilo shabiki wa Simba anaweka mkono wake na yeye achangie? Hapana. Sumu ya kucheka kwenu tuliihitaji. Mimi kuna mwezi sikuwa na mpango wa kutoa chochote, jirani yangu akaniuliza mbele ya mke wangu kama tumeshakula au tumechangia. Nilitoka pale nikatuma 5,000 kwa hasira. Mkituonea huruma mnatuharibia. Chekeni, tena kwa sauti.

Mpiga Debe:
Nawasoma nikiwa Shinyanga nacheka peke yangu. Mnajadili huruma kati ya Simba na Yanga kana kwamba kuna siku moja kati yao itakufa. Haiwezekani. Zina wabunge, mawaziri, redio, nusu ya nchi. Yanga ilipolia njaa ikamaliza ya pili! Huo ndio ufukara?

Njooni niwaonyeshe njaa. Stand United, timu iliyozaliwa na wapiga debe wa stendi, ilishuka mwaka 2019, msimu ule ule mnaolilia bakuli. Toto Africans ya Mwanza ilishuka 2017. Majimaji ya Songea 2018. Singida United, iliyosifiwa kwa wadhamini wengi, ikashuka 2020. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa wa nchi 1986, leo mtoto wa darasa la saba hata ndani ya Rungwe muulize kama anawajua. Hawa hawakuchekwa wala kuonewa huruma. Walipofika Dar wakiwa wamelala kwenye basi, ninyi wote wawili mlikuwa mnahesabu mabao tu.

Na hilo ndilo linaloniuma: kuchekwa ni dalili kwamba upo. Utani mnao wenyewe kwa wenyewe, sisi wengine hatuna mtani.

Ingwe Damu:
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu swali lako lilijibiwa na mdhamini mmoja. Gor Mahia na AFC Leopards zilikuwa zinalishwa na kampuni ile ile ya kamari, na 2019 SportPesa ilipogombana na serikali kuhusu kodi ikaondoka, zote mbili zikabaki njaa kwa mpigo. Mimi wa Ingwe, yaani Leopards, nitamcheka nani? Kocha wetu Casa Mbungo aliondoka mwaka huo huo kwa sababu ya mishahara, na upande wa K'Ogalo, yaani Gor, nao wachezaji wa nje walikuwa wanafunga mabegi. Kwenye matatu tulikuwa tunaulizana hali kama wagonjwa wa wodi moja. Msimu ule ule Sony Sugar ikatupwa nje ya ligi kwa kukosa mechi tatu.

Utani ulirudi baadaye, pesa kidogo ilipopatikana. Kwa hiyo mimi naona hivi: kucheka ni anasa ya mwenye mshahara.

Mbongo wa Glasgow:
Mimi niko huku Scotland tangu kabla ya 2012, na nimeshuhudia kufa kwa mtani kwa macho yangu. Februari 14, 2012 Rangers iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, deni kubwa likiwa la kodi. Mashabiki wa Celtic, watani wao, walitunga wimbo wa kula jeli na aiskrimu siku Rangers ikifa, na kweli wapo walioila. Na hao Celtic wenyewe Machi 1994 walibakiza muda mfupi benki iwafunge, akaja Fergus McCann kuwaokoa! Hakuna aliyekumbuka.

Lakini angalieni upande wa pili. Viongozi wa klabu nyingine walikuwa na hofu ya kukosa hela za televisheni, wengi walitamani kampuni mpya iliyoichukua Rangers ibaki ligi kuu. Mashabiki wao ndio waliokataa. Walisema mkiibakiza, tiketi za msimu hatununui. Klabu zikapiga kura kuikataa, ikaanzia daraja la nne, ikarudi juu 2016. Ilikuwa chuki? Mimi nasema ilikuwa haki. Kuna wafanyabiashara wadogo waliodhulumiwa hela zao. Usimuonee huruma mtu aliyekopa akanunua mastaa, akakufunga kwa mastaa hao, halafu hakulipa.

Mleta mada, jembe lako usilitoe kabla hujauliza marehemu ameuawa na nini.

Mleta mada:
Nimerudi, nilikuwa na foleni kibandani.

Mbongo wa Glasgow, nakubali nusu. Aliyekwepa kodi akae nje mpaka alipe, hata angekuwa Simba. Lakini Yanga ya 2019 haikutukopa sisi, ilikuwa na deni la mishahara ya watu wake. Na kwa kuwa umetuletea Ulaya, nami nakuletea Wajerumani. Februari 2002 St. Pauli, timu ndogo ya Hamburg, iliifunga Bayern 2-1, ikachapisha fulana za kujiita waliomfunga bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata St. Pauli ikawa inafilisika. Bayern wale wale waliotaniwa wakaenda Hamburg kucheza mechi ya kirafiki, mapato yakabaki kwa wenyeji. Hilo ndilo ninalolisema. Hawakuacha kutaniana hadi leo.

Mpiga Debe, wewe sina cha kukujibu. Nilikuwa Uwanja wa Taifa siku Stand walipokuja na sikumbuki hata matokeo.

Mnyama 1936, wewe tunafahamiana, usinifanye niseme nani alikukopesha tiketi ya derbi, na alikuwa amevaa rangi gani.

Mwananchi, wewe umenifumbua macho kuhusu yule mzee. Kosa langu lilikuwa kutangaza. Mtani wa kweli anapasua kuni huku anatukana, hasemi "jamani mnaona ninavyopasua kuni". Ningelipa makato nikanyamaza, au ningelipa nikamwambia hii timu yenu hata makato inashindwa, angeondoka anafurahi. Mimi nikajifanya mfadhili.

Basi niwamalizie kisa. Novemba 5, 2023, Jumapili ile mnayoijua, tulipigwa na Yanga 5-1. Jumatatu nilichelewa kufungua makusudi. Nilipofungua, mzee alikuwa ameshakaa kwenye benchi la muuza kahawa, ile ile kofia. Akanyanyuka taratibu, akaja. Hakunisalimia. Akaweka kiganja juu ya kaunta, vidole vyote vitano vimetanuliwa, akakiacha pale mpaka wateja wawili waliokuwa nyuma yake wakaanza kucheka. Kisha akatoa sarafu ya 100 akaisukuma kwangu.

"Makato," akasema, akaondoka.

Ipo hapa kwenye droo. Sijaitumia.