Ramadhani imeisha, mwanangu bado anafunga

Mama Nunu (Tanga)

Assalaam alaikum jamani. Naandika saa saba usiku, nyumba imelala, mnivumilie nikirukaruka.

Nina binti wa miaka 14, kidato cha pili. Ramadhani hii alifunga thelathini zote, nikafurahi, nikamtamba kwa mashoga zangu. Mfungo Mosi akafunga zile sita. Mashaallah. Ikaja Jumatatu na Alhamisi, bibi yake akamletea msala mpya kutoka Pemba. Kisha Jumanne nayo kafunga. Namuuliza, ananiambia, "Nalipa, mama." Analipa nini? Usiku huu ndio nimekaa nikahesabu: msichana aliyekwisha vunja ungo anafungaje thelathini zote bila kukatiza hata siku moja? Siku zake hakuzipata mwezi ule, na huu ni wa nne.

Mwezi wa Rajabu fundi alimpima kwa sare ya harusi ya mama yake mdogo. Juzi tumekwenda kujaribisha. Fundi akakusanya kiuno cha gauni kwa vidole, akabana pini moja, ya pili, ya tatu, akanitazama juu ya miwani. Hakusema neno.

Kinachonichanganya ni kwamba mpishi wa nyumba hii sasa ni yeye. Vitumbua, tambi za sukari, mkate wa sinia, kutwa yuko kwenye simu anatafuta mapishi. Anatupakulia, anasimama mlangoni kututazama tunavyokula. Yeye "nimeonja jikoni". Anavaa sweta, joto hili la Tanga! Mikononi kaota malaika kama mtoto mchanga. Na paka wetu wa uani, aliyekuwa mbavu nje, sasa ana kitambi. Siku ya Idi Kubwa nikajua kwa nini, nilimkuta amechutama nyuma ya pipa anamwagia paka pilau yake. Siku ambayo kufunga ni haramu, na yeye anajua, kahitimu madrasa.

Zahanati tumekwenda mara tatu: taifodi, minyoo, vidonda vya tumbo. Mara ya nne wakampima mimba watu wakisikia. Hana, na siku nne hakunisemesha. Shangazi yake anasema jini. Kasomewa, sikatai, akalia, akalala, asubuhi hakula. Shangazi huyohuyo mwaka jana alimwita kibonge mbele ya wanawake wote ukumbini. Sijui kama ndicho chanzo.

Nianzie wapi?

Mkuu wa Kaya

Pole mama, ila mnawadekeza. Kususa chakula ni ugonjwa wa watoto wa Ulaya. Sisi tulikuwa saba sahani moja, nani angesusa? Ficha simu, fimbo mbili, atakula.

Nesi wa Zamu

Wa alaikum salaam mama Nunu, pole sana. Ndiyo nimevua viatu, nimetoka zamu ya usiku. Nina miaka 17 kwenye uuguzi, na hili la kujinyima chakula, kitaalamu anoreksia, lilinipita machoni ndani ya nyumba yangu, kwa mdogo wangu wa mwisho niliyekuwa namlea. Yeye hakuwa wa kufunga, sisi ni Walutheri. Alikuwa wa kukimbia. Saa kumi alfajiri yuko barabarani, nami namsifu, cheti changu cha uuguzi kikiwa ukutani.

Kabla hujasoma yaliyobaki: mlaze dakika tano atulie, shika kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo dakika nzima. Mchana yakiwa chini ya 50, au anazimia, au anaona kizunguzungu kila akisimama, au anajitapisha, acha simu uende hospitali ya mkoa leo hii. Usirudi zahanati. Mwili wenye njaa hufanya kama mtu mwenye kandili na mafuta yamebaki kidogo, anashusha utambi. Moyo unapiga polepole, hedhi inasimamishwa, joto linabanwa, na wale malaika wanaota kuhifadhi joto lililobaki. Mdogo wangu alikuwa na 41, tukasema ana moyo wa mwanariadha.

Kwa daktari usiseme "hana hamu ya kula", hapo ndipo wanapokupa dawa ya minyoo. Hamu anayo. Sema: amepungua tangu Rajabu, huu mwezi wa nne hapati siku zake, anaficha chakula. Mtaje na fundi na pini zake. Omba ECG (kipimo cha umeme wa moyo), sukari, na madini ya kwenye damu: potasiamu, fosfeti na magnesiamu. Majibu ya damu yakija mazuri usishangilie, mara nyingi huja mazuri hali moyo umeshachoka. Na mwambie unataka aonwe na daktari wa watoto pamoja na watu wa afya ya akili. Mkoani wakikwama, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, omba rufaa.

Tena usije ukamjazia sinia kwa huruma. Aliyekaa na njaa muda mrefu akishibishwa ghafla, insulini, homoni ya sukari, inapanda, seli zinaivuta fosfeti kutoka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Wodi ya watoto tunalijua hilo kwa wale wa utapiamlo mkali, ndiyo maana wanaanza na maziwa ya tiba ya F-75, yaliyo mepesi, F-100 yenye nguvu zaidi inakuja baadaye. Siku kumi za mwanzo ndizo zinazotaka macho ya watu wa hospitali.

Hilo la kupika ni njaa yenyewe. Mwaka 1944 hadi 1945 mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, kwa muda wa miezi sita hivi. Wakaanza kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuota chakula, kununa, kuwakwepa wenzao. Wanaume wazima, na simu ya kiganjani haijazaliwa. Kwa hiyo mengi unayoyaona kwa binti yako hayatatoka kwa nasaha tumbo likiwa tupu.

Mkuu wa Kaya, Ulaya gani? Kisiwani Fiji walikuwa wanapenda mwili ulionona kama mnavyoupenda pwani. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker akawauliza wasichana wa sekondari, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi 1998, walikuwa kama 11 katika kila 100. Fimbo tulijaribu kwetu, baba alimchapa. Alikula, akanyoosha chooni.

Nyumbani, madaktari wakisharuhusu, unapakua wewe. Yeye jikoni atoke kwanza, hata kama vitumbua vyake ni vitamu. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, mtu mzima ubavuni mpaka sahani iishe, na baada ya hapo nusu saa au zaidi hamuachani. Utaratibu wa wazazi kushika chakula namna hiyo ulianzia hospitali ya Maudsley, London, kwa watoto wa umri huo. Hautaki mashine, unataka mtu mwenye subira, na subira yenyewe inaisha, kwa hiyo mgawane zamu na baba yake. Mimi nilikaa dakika 90 mbele ya chapati moja na maharage. Maharage yaliganda. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua, akarusha kikombe, nikaokota vipande, nikakaa tena. Neno langu lilikuwa moja, "Najua ni ngumu, kata kipande kingine." Sikumuuliza kwa nini. Majibu ya kwa nini aliyaleta mwenyewe mwezi wa nne, alipokuwa na nguvu ya kufikiri, na shangazi wetu alikuwemo pia.

Habari za dini nawaachia wenyewe.

Ustadh wa Mtaa

Mama Nunu, mwambie binti kwamba aya ya 184 ya Al-Baqara imemtaja mgonjwa, ahesabu siku nyingine akipona. Na funga za sunna hazina deni la kulipwa, hilo kasoma madrasani. Daktari akisema inamdhuru, basi thawabu anayoitafuta iko kwenye sahani. Kama atapenda kulisikia kwa mwalimu wake wa kike, mtafute huyo, mimi mwanamume atanionea haya. Kusomewa hakuzuii hospitali.

Binti wa Bweni

Mama, nina miaka 22, nilikuwa huyo mtoto. Naongeza mawili tu.

Waombe ndugu waache salamu ya "umenenepa!" Najua wanasifia. Kila nilipoanza kupona, mtu akiniambia "sasa umejaa, umependeza", chakula cha jioni hakikupita. Hata "mbona umekonda" mimi niliisikia kama zawadi. Waulize masomo, waulize mvua, mwili waache.

La pili, muulize waziwazi kama anawaza kufa. Matroni ndiye aliyeniuliza mimi, tukiwa tunaanua nguo. Nilisema ndiyo. Nilikuwa na miezi nasubiri mtu aulize, na kuulizwa hakukunitia wazo ambalo sikuwa nalo. Akishindwa kukwambia wewe, 116 ni namba ya watoto, bure.

Mkuu wa Kaya

Nimesoma. Fimbo naifuta. Nina wa miaka 13 hapa, anapima uzito kwenye ile mizani ya dukani kila akitumwa sukari. Nilidhani ni mchezo.

Nesi wa Zamu

Mkuu, leo mtume mwingine sukari. Jioni kaa naye mle.

Mama Nunu (Tanga)

Nimehesabu mara mbili. 46, halafu 44. Mkono wake ulikuwa wa baridi, akaniuliza, "Unahesabu nini, mama?" Nikamwambia kweli. Nilidhani atanyang'anya mkono, hakunyang'anya.

Nimemuuliza na lile la binti wa bweni. Hajajibu kwa mdomo, kaniegemea begani. Hilo nalo nitamwambia daktari.

Tuko kwenye bajaji tunakwenda hospitali ya mkoa, baba yake anatufuata na pikipiki. Nimebeba kanga mbili, daftari la kliniki, na gauni la sare nimelitia kwenye mfuko na pini zake, daktari aone mwenyewe. Na chupa ndogo ya uji. Ananiuliza kama nimetia sukari. Nimemwambia nimetia.