Je, unafuu wa bei ya trietilamoniamu hidrojenisalfeti unatokana na muundo wake?

Swali:
Wanajukwaa, habari zenu. Mwaka 2014 watafiti wa Imperial College London walikadiria kwamba kimiminika cha ayoni (chumvi iliyo katika hali ya majimaji) kiitwacho trietilamoniamu hidrojenisalfeti kinaweza kuzalishwa kiwandani kwa takriban dola 1.24 za Marekani kwa kilo, ilhali vile vya imidazoliamu, vyenye pete ya kaboni na nitrojeni, ni ghali zaidi. Je, tofauti hiyo imo katika molekuli zenyewe? Na kitu kinachopatikana kwa kuchanganya amini (besi yenye nitrojeni) na asidi tu, kweli ni ayoni tupu?

Jibu la kwanza:
Ndugu, unafuu huanzia kwenye kationi, yaani ayoni yenye chaji chanya. Nitrojeni ya trietilamini imeshikwa na vikundi vitatu vya etili na bado ina jozi moja ya elektroni iliyo huru, hivyo inapokutana na asidi ya salfuriki hupokea protoni mara moja na kuiacha asidi ikiwa HSO₄⁻. Hatua ni hiyo moja, hakuna zao la pembeni la kuondolewa, na malighafi zote mbili huzalishwa kwa wingi duniani. Kationi ya butilimethilimidazoliamu hudai pete ijengwe kwanza, kisha iunganishwe na butili kwa kutumia kloridi ya butili, na mara nyingi ayoni ya kloridi inayobaki nayo ibadilishwe kwa anioni (ayoni yenye chaji hasi) nyingine. Kila hatua ina usafishaji wake, na gharama hulundikana hapo.

Kuhusu ayoni, linganisha pKa, kipimo cha ukali wa asidi ambacho kikiwa kidogo asidi hutoa protoni kwa urahisi zaidi: ya trietilamoniamu ni takriban 10.7, na ya asidi ya salfuriki iko chini kabisa ya sifuri, kwa hiyo protoni haina sababu ya kurudi. Ungetumia asidi ya asetiki, yenye 4.76, sehemu kubwa ya mchanganyiko ingebaki molekuli zisizo na chaji.

Jibu la pili:
Naomba anioni isisahaulike. HSO₄⁻ hutoa na kupokea vifungo vya hidrojeni, jambo linaloongeza mnato (uzito wa kimiminika kutiririka), na ndiyo maana mchakato wa ionoSolv, unaotenganisha lignini (kinachogandisha nyuzi za mbao) na selulosi (nyuzi zenyewe), hutumia kimiminika hiki pamoja na maji, kwa kawaida asilimia 20 ya uzito. Anioni kama PF₆⁻ (heksaflorofosfeti) zisingefaa hapo, kwani zikiwa na maji huweza kuvunjika na kutoa floridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kali.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Je, itakuwaje asidi ikizidi uwiano wa 1:1 na amini?

Jibu la pili:
Molekuli za ziada za H₂SO₄ hushikamana na HSO₄⁻, ukali wa asidi hupanda, na selulosi unayotaka kuiokoa huanza kukatika.