Mjadala: Mwenye njaa asikilize mahubiri kwanza ndipo apewe chakula?

Wapendwa, naweka hoja mezani, na msimamo wangu nautaja mapema ili anayepinga ajue pa kuanzia: kanisa linapogawa msaada, mahubiri yasiwe sharti la kuupata.

Nimetumika miaka kadhaa kwenye kamati ya huduma. Utaratibu wetu ulikuwa huu: watu wakae, wasikilize Neno, waombewe, ndipo mifuko ya chakula itolewe. Siku moja mama mmoja alikaa viti vya nyuma, mtoto analia mgongoni. Mhubiri alipowaita wanaotaka kuokoka, mama yule aliitazama mifuko iliyopangwa ukutani, akanyoosha mkono. Alifuatisha sala ya toba neno kwa neno, macho yakiwa palepale kwenye mifuko. Tukapiga makofi. Jina lake likaandikwa kwenye daftari la waliookoka, na mimi ndiye niliyeshika kalamu. Nilirudi nyumbani nikijiuliza nimeandika wokovu au nimeandika njaa.

Najua hoja ya ndugu wanaotetea utaratibu ule: chakula huisha, roho ni ya milele, na kumshibisha mtu bila kumpa Injili ni kumpenda nusu. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Tena wananikumbusha kwamba katika Marko 6 Yesu aliwafundisha watu mambo mengi kwanza, mikate ikaja baadaye. Ni kweli. Lakini umati ule ulimkimbilia wenyewe kwa hiari yao. Mkate ulikuja kwa sababu saa zilikuwa zimekwenda na mahali palikuwa nyika, na hakuna aliyeulizwa anaamini nini kabla ya kutengewa kipande chake. Ukienda Yohana 6 utakuta yale maneno magumu ya mkate wa uzima yalisemwa siku iliyofuata, kule Kapernaumu, na wengi katika wanafunzi wakarudi nyuma. Hakuna aliyedaiwa alichokula jana.

Kuna na wale wakoma kumi wa Luka 17. Mmoja tu alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi, swali lenye uchungu ndani yake. Ila hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia. Mimi andiko hili linanitosha, lakini niko tayari kusikia anayelisoma vingine.

Historia nayo inasema. Mfalme Juliani wa Roma, aliyetawala mwaka 361 hadi 363 na kutaka kurudisha ibada ya miungu ya kale, alimwandikia kuhani mmoja wa Galatia akilalamika kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na wasio wao pia. Kilichomsumbua ni huo mkono uliowafikia hata watu wa miungu yake.

Kuhusu "asiyetaka kufanya kazi, basi asile", tafadhali tusiutumie mstari huo kila mara kumnyima mtu chakula. Paulo alisema asiyetaka. Mjane, mgonjwa na aliyeachishwa kazi hawamo humo.

Sisemi tunyamaze. Kwetu tulibadilisha: mifuko hutolewa mlangoni, kisha anayetaka anaingia ibadani. Siku ya kwanza wengi walipokea wakaondoka, viti vikabaki vitupu, na wapo wahudumu waliolia kwamba tumeiuza Injili. Mimi pia iliniuma kuviona vile viti. Lakini waliobaki, walibaki kwa sababu walitaka, na mmoja wao aliniuliza kwa nini tunawapa watu tusiowajua. Nilikaa naye hadi jioni. Swali kama lile sikuwahi kuulizwa wakati wa daftari.

Kuna sehemu moja bado inanishinda. Wagalatia 6:10 inasema tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio. Mifuko ikiwa imebaki mitatu na mlangoni wamesimama watu sita, watatu washirika wetu na watatu wageni, hilo neno "hasa" linafanya kazi gani? Mimi huwa natazama nani hana kitu kabisa, nampa huyo bila kuuliza anasali wapi, na nimeshaambiwa kwamba nawaonea wa nyumbani. Ninyi mngempa nani, na kwa andiko lipi?