Kiti cha mezani au kiingilio cha kawaida? Nampeleka mama kwenye shoo ya mkongwe

Kinyamkela78: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nataka kumpeleka mama kumwona msanii anayempenda tangu niko shule ya msingi, karudi jukwaani baada ya kimya. Kawaida 30,000, mezani 150,000 kwa kichwa. Pesa ninayo ila si ya kuchezea, na mwisho wa kulipia ni Ijumaa. Mliowahi kwenda shoo za namna hii, nichukue ipi?

MwanaIlala: Msanii gani? Ukumbi gani? Mama ana umri gani? Bila hayo tutakushauri nini mkuu?

Binti_Pongwe: Hiyo ya kawaida ina viti au ni kusimama? Na anaimba na bendi au anawekewa CD? Mimi naanzia hapo kwenye bendi, mengine baadaye.

Kinyamkela78: Samahanini. Ni Lady Jaydee. Mama ana miaka 61, goti la kushoto linamsumbua. Kawaida ni kusimama. Ya bendi sijauliza.

MwanaIlala: Kumbe Jide! Basi mpeleke, hata ukikosa meza. Mimi nilikuwepo Nyumbani Lounge Juni 14, 2013, shoo ya kutimiza miaka 13 ya muziki wake. Ilikuwa iwe Mei 31, akaisogeza kwa msiba wa rapa Ngwea, aliyetutoka kule Afrika Kusini tarehe 28. Tuliingia bado tuna majonzi. Nilisimama usiku kucha karibu na spika, masikio yakaziba siku mbili, na sijutii. Dada mmoja mbele yangu kavua viatu, kavishika mkono mmoja, huku analia huku anaimba, hakosei neno. Nikageuka nyuma, kumbe tuko wengi wa hivyo. Mezani hukuti kitu kama kile, watu wanahangaika na sahani.

Mama_Wawili: MwanaIlala, wewe huna goti bovu. Kinyamkela, nisome mpaka mwisho mdogo wangu. Mwaka juzi nilimpeleka mama yangu kwa mkongwe mwingine, simtaji. Nikalipia meza ya mbele. Kufika saa mbili usiku, meza yetu wamekaa watu, na wao wana risiti ya namba ileile. Mwandalizi simu hapokei. Tukapewa viti viwili vya plastiki pembeni ya mlango wa jikoni, kila mhudumu akipita anamgusa mama bega na sinia. Ma-DJ wakapiga hadi saa saba na nusu. Mkongwe akapanda saa nane kasoro, nyimbo nne, zote CD. Kwenye wa tatu akasogeza maiki mbali na mdomo na sauti ikaendelea. Mama akaniangalia tu, akaomba mtandio wake. Kwenye gari hakusema neno mpaka Mbagala. Usimlipie mama yako meza kabla hujaiona kwa macho, ukajua na saa anayopanda mwenyewe.

Binti_Pongwe: Pole sana dada. Ndiyo maana nimeuliza bendi. Ila Jide namtetea: huyu kaimba na Machozi Band miaka mingi, na hata alipokaa kimya akarudi na wimbo wa Ndi Ndi Ndi mwaka 2016, koo lilikuwa lilelile. Aliyekomazwa na bendi hata siku amechoka anajua aombe ufunguo gani kwa mpiga kinanda. Wa studio peke yake akirudi jukwaani anahema kuanzia ubeti wa pili.

Ngoma_ya_Ukae: Mama wa miaka 61 mpeleke Sikinde, yaani Mlimani Park. Kiingilio nafuu, viti vipo, na hakuna CD pale. Ni bendi ya tangu 1978.

DamuMsondo: 1978? Bendi yetu ya Msondo ilikuwepo tangu 1964, ikiitwa NUTA Jazz, ikaja JUWATA, ikaja OTTU. Hata mwimbaji wenu Gurumo mlimchukua kwetu.

Ngoma_ya_Ukae: Gurumo nyimbo zake zilizowatoa watu machozi kaziimba akiwa Mlimani Park.

DamuMsondo: Na alirudi wapi? Kastaafu 2013 akiwa Msondo. Baada ya mwimbaji wetu TX Moshi kufariki 2006 nani aliishika safu ya mbele? Heshimu mkubwa, ndugu.

MwanaIlala: Jamani, mwenzenu ana mpaka Ijumaa.

Kinyamkela78: Nawasoma wote. Leo mchana nimepiga namba ya kwenye bango, wanasema bendi ipo, saa ya kupanda hawajui. Nikaona bora nimuulize mama mwenyewe. Kasema anataka aende na mama mdogo, na kwamba kusimama anaweza "kama ni yule binti". Sasa ni tiketi tatu, mezani inafika 450,000. Mezani mnaruhusiwa kuinuka kucheza au mnazuiwa?

Mama_Wawili: Inategemea na mabaunsa. Mimi ningechukua kawaida tatu, nikafika saa kumi na mbili na kigoda cha kukunja.

Binti_Pongwe: Kigoda watakizuia getini. Uliza kwanza.

DamuMsondo: Na Ngoma_ya_Ukae hajanijibu la TX Moshi.