Kangaga jembamba kutoka Lushoto linanifia Dar, nisaidieni

Shamte_Tabata
Wakuu habari za leo. Mwezi uliopita nilienda Lushoto kumsalimia shangazi, nyuma ya nyumba yake kuna korongo lina kijito, na kwenye jiwe moja kivulini kumeota kangaga dogo ambalo sijawahi kuliona popote. Jani halizidi urefu wa kidole na ni jembamba mpaka ukilishika mbele ya dirisha unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili, mishipa yake myeusi kama uzi. Shangazi akanibandulia kipande akakifunga kwenye jani la mgomba nikapanda nacho basi. Kufika Dar nikakipanda kwenye chungu, udongo mweusi na samadi kidogo, nikakiweka barazani namwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Kesho yake tu likaanza kujikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto, sasa yamebaki majani mawili yenye ukijani. Maji linapata, sasa linakufa na nini? Shangazi akipiga simu anauliza mmea wetu unaendeleaje nakosa cha kumjibu.

Mama_Bustani
Pole sana mdogo wangu, na usilitupe kwanza. Kwa unavyolielezea hilo ni lile kundi la makangaga ambalo jani lake kwa sehemu kubwa lina unene wa seli moja tu. Halina ile nta inayolinda majani mengine, wala vile vitundu vya kupumulia ambavyo mimea huvifunga ikiona kiu. Jani lenyewe ndio linakunywa maji na jani lenyewe ndio linayapoteza, kwa hiyo upepo wa baraza unalikausha hata kama udongo chini umeloa chepechepe. Unamwagilia chungu wakati kinachokufa na kiu ni jani.

La pili ni maji yenyewe. Visima vingi vya Dar vina chumvi, ukilinyunyizia maji yanakauka chumvi inabaki juu ya jani na jani lenyewe halina cha kujikinga. Kinga maji ya mvua, hayo ndio ya kulipa, na kama huna nunua yale yaliyotengenezwa kwa mvuke.

La tatu samadi. Litoe humo leo hii, lioshe taratibu. Kule kwenye jiwe lilikuwa halijazikwa, kile kishina chembamba kama uzi kinatambaa juu juu, ukikifukia kinaoza. Na ndicho cha kukichunguza sasa: kama bado ni kigumu na hakijawa laini cheusi, lina nafasi, mengine ya aina hii hujikunja yakikaukiwa halafu yakapata unyevu yakarudi.

kioo_na_kijani
Mkuu weka kwenye chupa. Sio ya kukata, tafuta ule mtungi wa kioo wenye mfuniko kama wa kuwekea visheti, chini weka kokoto kidogo na maji ya mvua yasiyozidi kimo cha kokoto, juu yake kipande cha tofali la kuchoma kilicholowekwa usiku kucha, kangaga lifunge kwa uzi juu ya tofali, funika. Kioo kikiwa na ukungu kidogo asubuhi ujue mambo yako sawa, kikitiririka maji mchana kutwa fungua dakika chache upitishe hewa. Mbolea usiweke kabisa.

Na hii sio mbinu ya juzi. Mwaka 1829 kulikuwa na daktari London anaitwa Nathaniel Ward, alikuwa anayapenda makangaga ila kila akipanda yanakufa kwa moshi wa makaa ya mawe. Akaweka pupa (buu lililojifunga tayari kugeuka) wa nondo, yule kipepeo wa usiku, kwenye chupa yenye udongo mbichi akafunika ili aone nondo atakavyotoka, badala yake akaona kangaga limejiotea lenyewe mle ndani, maji yanapanda kwenye kioo yanarudi chini. Akatengeneza masanduku ya kioo, na mwaka 1833 mawili yakasafirishwa kwa meli mpaka Sydney mimea ikafika hai. Miezi mizima baharini! Wewe umetoka Lushoto kwa basi, ungekuwa na mtungi lisingejua kama limehama.

Mzee_wa_Muheza
Nawaunga mkono wote ila mmesahau joto. Lushoto kuna baridi bwana, Dar mwezi wa pili ni tanuri. Mtungi ukipigwa na jua hata nusu saa umelipika kangaga likiwa limefunikwa, nimeona kwa macho yangu. Weka chumba chenye ubaridi kuliko vyote, sakafuni, mahali unaweza kusoma gazeti ila jua haligusi.

Na kijana wangu nikuombe jambo moja, likifa usirudi kubandua lingine. Yanakua polepole mno, kile kipande ulichopewa huenda kimechukua miaka kuenea kwenye lile jiwe. Na msituni kwenye hifadhi kama Amani usithubutu kung'oa bila kibali. Kama roho yako inataka kangaga tu la barazani, kuna lile la vijiti vyeusi vinavyong'aa, Adiantum, wauza maua wanalo, nalo linadeka ila linavumilia Dar kuliko hilo.

Shamte_Tabata
Nashukuru sana wakuu, shikamoo Mzee. Nimelitoa kwenye samadi, sehemu ya kishina imeoza nikaikata, kimebaki kipande cha kama inchi mbili kigumu. Nimelifunga kwenye tofali kama mlivyosema, mtungi uko sakafuni nyuma ya mlango wa chumbani, huku mvua imenyesha juzi nikakinga ndoo nzima. Yale majani mawili moja limekunjuka usiku huohuo, la pili naona limekwenda. Shangazi nimemwambia ukweli wote, akasema nisijali, lile la kwenye jiwe amelizungushia miti mbuzi wasifike.

Mama_Bustani
Usilifungue fungue kila saa kuangalia. Baada ya wiki tatu angalia kwenye kishina kama kuna kitu kijani kimejikunja kama konokono, kidogo kuliko punje ya mtama, halafu utuambie.