Runx inanuka petroli kwenye ekzosi, plagi mpya hazijasaidia

Isanga_Juu:
Habari wakuu. Nina Toyota Runx yenye injini ya 1NZ, niliinunua mkononi kwa mtu Dar, sasa niko nayo Mbeya. Ekzosi inanuka petroli mbichi kabisa. Tukikwama kwenye foleni ya Mwanjelwa vioo vikiwa wazi, mke wangu anaziba pua. Moshi ni mweusi kidogo nikikanyaga, na mafuta inakunywa kupita kiasi. Taa ya cheki injini inawaka nikifungua swichi, injini ikishawaka inazima kama kawaida. Fundi alianza na plagi, hakuna kilichobadilika. Sasa anataka tununue nozeli zote nne pamoja na pampu ya mafuta. Kabla sijatoa hela naomba mawazo yenu.

SpanaKumi:
Mkuu shikilia hela yako kwanza. Hakikisha harufu ni ya moshi na siyo mafuta yanayovuja. Injini ikiwa ya baridi fungua boneti, nusa kwenye nozeli na mipira ya mafuta, kisha chungulia chini ya tangi. Ukikuta unyevu usiiwashe hadi ishughulikiwe, hiyo inaunguza gari. Halafu tuambie: inamisi, yaani kuna silinda inaruka bila kuchoma? Na zile plagi za zamani zilitoka na rangi gani?

Isanga_Juu:
Hakuna kinachovuja, harufu iko nyuma tu. Haimisi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia. Plagi zote nne zilitoka nyeusi, masizi makavu.

SpanaKumi:
Zote nne ndiyo habari yenyewe. Nozeli moja ikivuja, unakuta plagi moja nyeusi na wenzake wako safi. Koili ikifa, gari inatetemeka na plagi ya silinda hiyo inatoka imelowa petroli. Hapa injini nzima inapewa mafuta mengi, maana yake kuna kitu kinaidanganya kompyuta, au hewa haiingii ya kutosha. Toa ea klina (chujio la hewa) uitazame kwenye mwanga, ikiwa imeziba badilisha. Baada ya hapo ni sensa ya oksijeni na sensa ya joto la maji.

Na huyo fundi muulize swali moja: pampu ikichoka mafuta yanapungua, hayaongezeki. Sasa pampu mpya ya nini?

Mama_Fielder:
Kaka, mshale wa joto unakaa wapi ukiwa safarini?

Isanga_Juu:
Dada, unapanda taratibu mno na haufiki katikati. Nikishuka mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi unarudi chini kabisa. Aliyeniuzia aliisifia sana kwamba haichemki hata uifanyeje.

Mama_Fielder:
Haichemki kwa sababu haipati hata moto! Naweka dau themostati ilishatolewa. Ni ile hadithi ya "nchi ya joto haihitaji themostati", halafu gari inapandishwa Mbeya ambako mwezi wa sita watu wanalala na mablanketi mawili.

Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ya injini yako hufunguka kuanzia nyuzi 80 hivi. Isipokuwepo, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini inabaki vuguvugu. Sensa inaiambia kompyuta "bado baridi", nayo inaendelea kumwaga mafuta ya ziada kama vile ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Yasiyoungua yanatokea nyuma, ndiyo unayonusa.

KijiweTabata:
Mimi yangu nilishaitoa na inadunda tu hapa Dar. Msimtishe mwenzenu.

SpanaKumi:
Tabata kuna joto na foleni, injini inapata moto hivyo hivyo kwa shida. Bado inakula mafuta na inajila yenyewe taratibu. Gari ikichemka tafuta ugonjwa: rejeta imeziba, feni haizunguki, mfuniko haushiki presha. Kutoa themostati ni kuficha.

Isanga, ukishafunga themostati pima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari uone joto la maji. Injini ikiwa ya moto kweli na mashine bado inaonyesha nyuzi 30, sensa ndiyo mbovu. Tafuta mwenye mashine ya kueleweka, maana hizi gari za soko la Japani za miaka ile mara nyingi zinagoma kusomwa na vile vidude vya bei chee vya simu.

Isanga_Juu:
Mrejesho. Tumefungua nyumba ya themostati, ndani peupe! Nimefunga mpya na kuweka kulanti (maji maalumu ya rejeta), maji ya bomba tumemwaga yote. Mshale unakaa katikati na haushuki hata Iwambi. Mashine inasoma nyuzi 88. Harufu kali imekwisha, asubuhi tu inanuka dakika chache za mwanzo.

Mama_Fielder:
Ya asubuhi ni kawaida. Lakini chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unuse. Oili ikinuka petroli imwage, imeshakuwa nyepesi na hailindi kitu.

Isanga_Juu:
Inanuka, dada. Kesho naimwaga. Fundi kachungulia pia chini, anasema masega (kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi) hayapo, kuna bomba tupu. Nirudishe?

SpanaKumi:
Ndiyo maana hata hiyo ya asubuhi unaisikia zaidi kuliko wenzako, masega ndiyo huunguza mabaki. Injini haitakufa kwa kukosa hayo, kwa hiyo jipange taratibu. Ila usinunue kwa mtu anayeuza barabarani kwenye mfuko wa rambo, hayo yamechomolewa kwenye gari ya mwenzako jana usiku.

KijiweTabata:
Themostati bei gani huko?