Nimeandika vichekesho vya televisheni kuhusu msikiti wa mtaani. Nivipeleke wapi? (Tafadhali msinirukie)

Binti_wa_Barazani
Assalaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni msichana wa Mombasa. Mchana nafanya makaratasi ya kutoa mizigo bandarini, usiku naandika. Miaka 2 nimekaa na mchezo wa televisheni wa sehemu 13, vichekesho vitupu, kuhusu kamati ya msikiti mdogo: nani ashike funguo, nani amechelewesha bili ya umeme, spika ya juu ielekezwe wapi ili mgonjwa wa nyumba ya pili apumzike. Hamna bomu, hamna polisi, hamna mtalii. Watu waswali, wagombana, wala mahamri, wapatana, wagombana tena.

Prodyuza wa kituo kimoja cha binafsi ameupenda, lakini ataka nimtie kijana aliyetoroka kwenda Somalia. Ati bila huyo watazamaji wa bara hawatajua kama hapa ni Pwani. Sasa nauliza: nikubali, au niupeleke televisheni ya umma hata kama sina hakika watauchukua? Au niutie YouTube nijionee? Nisaidieni, wallahi silali.

KachriMoto
Wa kwanza! Dada, hao wanakamati mahamri wala kwa mbaazi au wala makavu? Jibu lako ndilo litaamua kama nakushauri.

Mzee_wa_Gahawa
Mwanangu, peleka kwa umma wala usiulize mara mbili. Sisi tumelelewa na VoK, Sauti ya Kenya, hiyo televisheni ya umma kabla haijaitwa KBC. Mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, ya mwenye duka la vitambaa, viatu twaviacha mlangoni kama twaingia kuswali. Vitimbi ikianza, Mzee Ojwang (aliyetutoka 2015, Mungu amrehemu) akitupiana maneno na Mama Kayai, mpaka wanawake waacha vyungu jikoni. Vioja Mahakamani nayo tuliijua kesi kwa kesi. Lakini Vituko ndiyo iliyokuwa yetu, imetoka hapa hapa Mombasa. Ukisikia mtu asema "yuwaja" ndani ya televisheni ya serikali, wahisi na wewe umehesabiwa.

Tatizo la yule mwenye duka, ikiadhiniwa tu azima, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Kuna vipindi mpaka leo na mvi zangu hizi sijui viliishaje.

Baridi_ya_Toronto
Salamu kutoka kwenye theluji, mimi ni wa Kuze, Mombasa, asili. Huo mchezo wako una dada yake huku. Januari 2007 CBC, ambayo ndiyo televisheni ya umma ya Kanada, ilianza kuonyesha Little Mosque on the Prairie. Imebuniwa na Zarqa Nawaz, mama Muislamu anayekaa Regina. Mji wa kubuni uitwao Mercy, Waislamu wachache wamekodi ukumbi wa kanisa la Kianglikana wakaufanya msikiti, wao na kasisi wasaidiana na waoneana gere. Usiku wa kwanza waliitazama watu zaidi ya milioni 2, na ikaendelea mpaka 2012, sehemu 91.

Angalia walivyolifanya hilo jambo la ugaidi analolitaka prodyuza wako. Imamu kijana yuko uwanja wa ndege, azungumza na mamake kwa simu, maneno mawili matatu yasikika vibaya, ashikwa. Basi. Wanaochekwa ni wale waliomshuku. Hakuna aliyekwenda Somalia ndio tucheke.

Mke wangu wa hapa aliniuliza kama kweli twagombana hivyo juu ya pazia la wanawake. Nikamwambia hujaona bado.

Ustadhi_Mpole
Wa aleikum salaam. Nasaha kwa upole: dini haifanyiwi istihzai. Leo wamcheka mweka funguo, kesho watu wacheka adhana. BBC 2012 walitoa Citizen Khan, kuna binti ajivuta mtandio haraka na kujifanya asoma Qurani babake akiingia. Waislamu wa Uingereza wengi walilalamika, na haki yao.

Abunuwasi_Mjukuu
Ustadhi wangu, walilalamika ndiyo, na mchezo ukaendelea mpaka 2016, na aliyeubuni na kuuigiza, Adil Ray, ni mtoto wa Kiislamu wa Birmingham. Hao waliokuwa wakitazama wengi waliona baba zao. Yule binti wa mtandio mimi ni dada yangu, nimemwona kwa macho haya.

Halafu sisi wa mwambao kucheka ndani ya dini tulifundishwa na nani? Abunuwasi aliwafanya makadhi mzaha tangu babu zetu. Sahaba Nuaiman alikuwa na vituko na Mtume (SAW) akicheka. King Majuto wa Tanga alikuwa Amri Athumani, watu wamemzika 2018 wakilia na kucheka pamoja. Tofautisha kumcheka mja na kuicheka ibada.

Fundi_Antena
Mwajibu kila kitu isipokuwa swali. Nafunga ving'amuzi, nasema nijualo. "Umma" si neno moja kila mahali. BBC yala ada ya leseni ya kila nyumba yenye kutazama. CBC yapata fungu la Bunge, na kwenye televisheni yauza matangazo. Channel 4 ya Uingereza ni mali ya umma lakini yaishi kwa matangazo, na ndiyo iliyoonyesha We Are Lady Parts 2021, wasichana wa Kiislamu wenye bendi ya panki. Kwetu Katiba ya 2010, Ibara ya 34, yataka vyombo vya dola viwe huru kuamua vya kutangaza na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Karatasi ni nzuri. Utekelezaji ni mlango mwingine, ubishe wewe.

Juu ya YouTube: mamangu hana bando, ana antena. Nyumba kumi ninazopanda dari, nane ni hivyo hivyo. Hao ndio watu wa mchezo wako, sio vijana wa simu kubwa.

Shangazi_Mkali
Nyote mwazunguka mbuyu. Mtoto asema HALALI. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya kuchagua kituo. Binti, sema lililokukaa kooni. Hao wanakamati umewatoa wapi?

Binti_wa_Barazani
Ni wa kubuni shangazi. Kila mtaa una watu kama hao.

Shangazi_Mkali
Nimelea wasichana wanne. Wa kubuni hawamnyimi mtu usingizi.

Binti_wa_Barazani
Haya. Mweka hazina kwenye mchezo ni mzee wa kweli. Siku mgeni aliibiwa viatu mlangoni pa msikiti, mzee alituma sauti ya dakika 4 kwenye kundi letu la WhatsApp: "Viatu havina miguu! Viatu havina miguu ya kutembea vyenyewe, wallahi!" Mtaa mzima waijua. Watoto wakienda chuoni waiimba. Nimeiweka neno kwa neno, sehemu ya 1.

Shangazi_Mkali
Na huyo mzee ni nani yako?

Binti_wa_Barazani
Babake mchumba wangu. Posa imeshakuja, harusi mfunguo mosi inshallah.

KachriMoto
Allahu Akbar 😂 Viatu havina miguu lakini hiyo posa ina mbawa, itaruka irudi kwao.

Abunuwasi_Mjukuu
Siku ya harusi wageni waingie na viatu mkononi.

Mzee_wa_Gahawa
Mkwe si mchezo. Mimi nilimtania mkwe wangu mara moja tu, 1988, juu ya punda wake. Nimekuja kulishwa biriani nyumbani kwake 1993.

Binti_wa_Barazani
Mwacheka lakini nimemwandika kwa mapenzi. Yeye ndiye mwenye akili kuliko kamati nzima, mwisho wa sehemu ya 13 mtamlilia. Na sikumzulia. Ni kweli alisema, watu 200 wana ile sauti kwenye simu zao.

Ustadhi_Mpole
Hapo ndipo penye mwiba, mwanangu, na mambo ya Citizen Khan nayaweka kando. Mtume (SAW) alisema kusengenya ni kumtaja nduguyo kwa alichukialo. Akaulizwa: na je, akiwa analo kweli? Akajibu: akiwa analo ndiyo umemsengenya, na akiwa hana umemzulia. Kwa hiyo "ni kweli alisema" haikutoi. Yakuingiza.

Wakili_Kivukoni
Samahani, swali kavu. Kuna ulichosaini?

Wakili_Kivukoni
Narudia.

Binti_wa_Barazani
Jumatatu iliyopita. Nimepokea arbuni, 40,000. Nusu imekwenda kwa friji ya mama.

Wakili_Kivukoni
Kumbe sisi tuko kivukoni twabishana tupande feri ipi, wewe ushateremka Likoni.

Binti_wa_Barazani
Si hivyo! Amesema yule kijana wa Somalia atatokea sehemu 2 tu. Nimeshaanza kumwandika kidogo, nimemfanya arudi aombe radhi, pengine itakuwa nzuri hata. Na televisheni ya umma sikuwa nimeifunga mlango, nilitaka tu kusikia kwenu kwamba

Binti_wa_Barazani
(imekatika) kwamba sikufanya vibaya.

Baridi_ya_Toronto
Sehemu 2 tu. Ndivyo aingiavyo. Kuna jamaa wangu aliigiza huku, mwaka mzima alipewa nafasi za kubeba bunduki, siku aliyopewa nafasi ya daktari alisahau maneno kwa furaha.

Mpelelezi_wa_Makadara
Nimekaa kimya nasoma. Sasa nisikilizeni. Akaunti hii ina siku 9. Ukurasa wa kwanza msikiti ni "mdogo", wa pili kundi lina watu 200. Kila tukimbana atoa siri mpya, na kila siri ni tamu kuliko iliyopita: mweka hazina, kisha mkwe, kisha arbuni, kisha friji. Mwenye dhiki ya kweli haandiki "watoto wakienda chuoni waiimba", hilo ni la mtu aliyelikalia usiku. Na kubwa kuliko yote: mimi naswali kutoka Mji wa Kale mpaka Majengo mpaka Kisauni, nauza manukato mlangoni pa misikiti Ijumaa. Neno kama "viatu havina miguu" lingenifikia kabla ya chai. Halijanifikia. Jamani, uzi huu ndio mchezo wenyewe. Atujaribia vichekesho vyake bure.

Shangazi_Mkali
Nimemwombea dua huyu mtoto baada ya alfajiri! Nitajie kama ni uongo niirudishe.

KachriMoto
Kama sisi ni majaribio basi mimi nataka arbuni yangu.

Mzee_wa_Gahawa
Yake sijui, lakini duka la vitambaa lilikuwa kweli. Na punda pia.

Abunuwasi_Mjukuu
Mpelelezi unauza manukato au wapeleleza? Hata hivyo ile ya 200 imenikwaza na mimi. Binti, toka useme.

*(Hapa pakapita usiku na nusu siku.)*

Binti_wa_Barazani
Nimesoma yote. Posa ni kweli. Mzee ni kweli. Mkataba ni kweli, na friji yanguruma hapa nyuma yangu. Kundi lina watu wengi kwa sababu nusu wako Uarabuni na Uingereza, hawataki kutoka.

Viatu ndivyo si kweli.

Kilichopotea msikitini ni kitu kingine, na alichosema mzee ni neno jingine. Nikiliandika hapa, Mpelelezi atamjua kabla ya isha na kumuuzia manukato akicheka. Nilibuni viatu nilipokuwa namjibu shangazi, pale pale, ili nimsitiri. Kwenye skripti ndilo lile la kweli.

Mpelelezi_wa_Makadara
Nilisema mimi.

Wakili_Kivukoni
Binti, hebu soma tena ulichoandika, mstari wa mwisho na wa kabla yake.

KachriMoto
Dada. Nimesema "viatu havina miguu" kwa konda wa matatu jana, amenipunguzia shilingi kumi. Hilo la kweli ni zuri kuliko hili?

Binti_wa_Barazani
...Si zuri kama hili. La kweli lachekesha kwa wanaomjua tu.

Fundi_Antena
Basi. Na wale wasiomjua ndio walio na antena.

Shangazi_Mkali
Mgeuze awe mwanamke pia. Mweka hazina wa kamati ya kina mama ya maulidi. Mimi nawajua watatu, na hakuna hata mmoja atakayejitambua. Dua imebaki palepale.

Binti_wa_Barazani
Yuaenda kuwa mwanamke? Mzee wangu? Sehemu 13 nizibomoe zote?

Shangazi_Mkali
Viatu ulivitunga kwa dakika ngapi?

Ustadhi_Mpole
Kwa hili sina la kupinga. Viatu havina heshima ya kuvunjiwa.

Wakili_Kivukoni
Bado kijana wa Somalia. Mkataba wasemaje juu ya mabadiliko ya wahusika? Usinitumie jina la mtu wala la kituo, nitumie kifungu.

Binti_wa_Barazani
Kifungu cha 7. Mabadiliko ya wahusika wakuu yatafanywa "kwa kushauriana na mwandishi".

Wakili_Kivukoni
Yeye ni mhusika mkuu?

Binti_wa_Barazani
Kwa sehemu 2 haiwezekani awe mkuu.

Wakili_Kivukoni
Basi kifungu hicho hakikulindi juu yake. Muulize prodyuza kwa barua pepe, si kwa simu: akikataa kumtoa, mkataba wavunjwaje na arbuni yarudi vipi. Na tafuta 20,000 za friji kabla ya kutuma.

Mzee_wa_Gahawa
Nina 2,000. Nitamchangia binti kwa ajili ya vile vipindi ambavyo sikuviona mwisho.

Binti_wa_Barazani
Mzee wangu msinilize. Nakaa sasa kuandika upya. Barua pepe kesho asubuhi kabla sijaenda bandarini. Nikipata moyo nitauandikia na umma pia.

Ustadhi_Mpole
Allah akufanyie wepesi. Swali dogo, si la ushauri. Yule mgeni, viatu vyake vilipatikana?

Binti_wa_Barazani
Sijaandika bado, ustadhi.